Nyumba ya Kilimani Iliyomngoja Dzoro

Sogeeni, ahoho angu, wanangu, sogeeni mkae hapa kitandani, maana sauti niliyobaki nayo haifiki mlangoni. Sidi, liache hilo jiko, uji nitakunywa baadaye au sitakunywa. Samuel, weka chini gazeti. Kazi za kwenye gazeti hupata wenyewe kabla wino haujakauka, na hilo wewe walijua kuliko mimi. Nina maneno. Si marefu, ila ni mazito, na nimeyabeba miaka miwili kifuani mpaka daktari akadhani ni vumbi la pilipili manga. Nisikilizeni hadi mwisho, mtu asinikatize wala asinililie. Wa kulia atalia nikishafika niendako.

Na mlango uachwe wazi kidogo. Kuna mtu amekaa barazani kwa jirani yangu Bi Mwanakuu tangu asubuhi. Mlimpita mlipoingia, na wewe Samuel ulimpita ukatema mate. Mimi naumwa kifua, siumwi masikio. Yule ni Charo, ndugu yangu, baba yenu mdogo, na aliyemwita ni mimi. Nimemwambia angoje huko nje mpaka nimalize, kwa kuwa mambo nitakayoyasema nimeshindwa kuyasema mbele ya macho yake. Mnaniona mzee? Mimi si mzee, ni mwoga aliyeota mvi.

Nianze na vitu, vitu ni vyepesi. Redio ni ya Sidi. Koti jeusi ni la mumeo, likimbana ulitanue. Kulabu yangu ya magunia irudisheni dukani kwa Tayebali, aitundike au aitupe, si chombo cha kurithishana. Chini ya kitanda hiki mna mabati manane, mapya, hayajaona jua tangu niyanunue. Hayo mpeni Bi Mwanakuu. Paa lake linavuja, na kwa mwaka mzima mwanamke huyu, ambaye si wa kabila langu wala dini yangu, ameniletea uji asubuhi na kunifulia mashuka bila kukunja uso. Mabati hayo yasifike kwetu bara. Yasifike hata moja. Kwa nini, mtajua sasa hivi.

Mliijua Mikuyuni, kijiji chetu, kabla ya maji. Mto wetu ni mto wa mchanga. Miezi tisa ya mwaka wauvuka na viatu vyako vikavu, wanawake wachimba visima humo humo mchangani wapate maji ya kunywa, na watoto wapiga mpira katikati yake. Mgeni akiuona hucheka, auliza, mto gani huu usio na maji? Lakini kando yake ndipo palipolala udongo mweusi, na udongo ule ndio uliokusomesha wewe Samuel tangu darasa la kwanza hadi ukavaa joho. Mahindi ya mama yako, kunde za mama yako, korosho za babu yako. Si mshahara wangu. Msidanganywe na mtu aliyekuja kila Krismasi na shati jeupe. Mama yenu Nyevu ndiye aliyeleta karo. Mimi nilileta sabuni, sukari na maringo.

Mwaka wa tisini na saba redio ikaanza kusema El Nino, El Nino, jina kama la mchezaji wa kandanda, na watu wakacheka. Charo hakucheka. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani, ndiye aliyeujua mto kama mtu anavyomjua ng'ombe wake mkorofi. Akamwambia mama yenu, shemeji, safari hii tupande kilimani. Akakata nguzo, akasuka makuti, Nyevu akakandika udongo kwa mikono yake, na mwezi wa tisa haujaisha nyumba ikawa imesimama juu ya kilima, vyumba viwili na jiko, mlango ukitazama macheo. Ilibaki kitu kimoja tu. Nilibaki mimi.

Ninyi mmelelewa nusu huku nusu kule, labda hamkuambiwa vizuri. Kwetu nyumba mpya huzinduliwa. Mwenye mji hulala humo na mkewe usiku wa kwanza, ndipo moto uwashwe, ndipo chungu kiingie, ndipo watoto waingie. Mwanamke akitangulia kulala humo bila mumewe, wazee husema amewatoa kafara watoto wake. Mmoja wao atakwenda. Ndivyo tulivyokuzwa, na kanisa halikutufutia hilo, lilipaka chokaa juu yake tu. Basi mume akiwa kazini Mombasa, nyumba humngoja.

Mwezi wa kumi Charo akapanda basi akanifuata hadi Kuze, dukani kwa Tayebali. Nilikuwa napanga magunia ya iliki. Akakaa kizingitini na kofia yake mkononi, vumbi la bara miguuni, akaniamkia kama inavyopasa, kisha akasema, "Kaka, nyumba iko tayari. Kilichobaki ni wewe."

Nikamwambia, "Nani alikutuma ujenge?"

"Maji yamenituma."

"Maji gani? Mto umekauka kama ulimi wa kasuku, wewe waniambia maji?"

"Kaka, njoo usiku mmoja tu. Ulale, uamke, urudi kazini kwako. Sikuombi jingine."

Jamani, sikilizeni nilichomjibu ndugu yangu, mbele ya makuli wenzangu, ili wacheke. Nilimwambia, "Unataka watu waseme Dzoro amejengewa nyumba kama mjane? Nikalale chini ya makuti uliyoyasuka wewe, kesho unitambie kilabuni?" Na makuli wakacheka. Nikaongeza, "Kamwambie Nyevu asihamishe hata kibuyu mpaka nije. Na nitakuja na mabati." Charo akavaa kofia yake. Akasema, "Mabati hayaelei, kaka." Akaenda zake, hakunywa hata maji.

Mkataa pema, pabaya pamwita. Mimi sikuikataa nyumba, wanangu. Niliikataa mikono iliyoijenga. Tangu utoto Charo alikuwa stadi na mimi mwenye maneno. Marehemu baba akitaka ghala lijengwe humwita Charo, akitaka mtu wa kwenda kubishana na chifu huniita mimi, na nilitamani maisha yangu yote kuitwa kule alikoitwa yeye. Basi nikaanza kununua mabati, moja moja, nikiyasukuma chini ya kitanda, niyapandishe kilimani, niyang'oe makuti yake mbele ya kijiji kizima. Hiyo ndiyo iliyokuwa haraka yangu, na mvua zilikuwa na haraka yake.

Subiri. Sidi, nipe maji kidogo. Kidogo tu. Ahsante, mama.

Liko jingine, nalo ni la aibu zaidi. Niliwaambia Tayebali alininyima ruhusa. Mkamchukia mzee wa watu, na wewe Samuel ukenda dukani kwake ukamtukana kwa Kiingereza cha chuo kikuu mbele ya wateja, naye akakutazama asijue amekosa nini. Uongo ule ulikuwa wangu. Tayebali aliniita siku Charo alipoondoka. Alisema, "Arre, Dzoro, nenda bwana. Redio yasema mvua kubwa. Magunia nitainua mimi na kijana wangu Sameer." Mimi nikajibu, "Hapana, seth, tajiri wangu, kazi kwanza." Nikaonekana mwaminifu. Nendeni mkamwombe radhi, na wewe Samuel uende na Kiswahili, Kiingereza kibaki nyumbani.

Ikafika mwezi wa kumi na moja. Vichochoro vya Kuze vikajaa maji hadi kwenye vifundo vya miguu, nami siku tatu nikainua magunia ya watu juu ya mbao, iliki, karafuu, mdalasini, moja baada ya jingine, mgongo ukilia. Tayebali akanipiga bega, "Shabash, halikulowa hata moja!" Nami nikafurahi. Wanangu, nilifurahi. Mali ya mtu nimeipandisha juu, na mke wangu nimemwacha bondeni.

Sasa haya ya jioni ile sikuyaona. Nimeambiwa na Charo, na Charo hajui kusema uongo, hata angetaka ulimi ungemkatalia. Siku hiyo kwetu haikunyesha. Nyota zilitoka. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, mbali, kwa watu tusiowajua majina. Jua linatua Charo akashuka kisimani mchangani kuteka, akakuta maji yamepanda hadi mdomoni na yamegeuka rangi ya chai. Akajua. Akawasukuma mbuzi wote, wake na wenu, akawapandisha kilimani mbio, kwa sababu mbuzi hawana mwiko. Kisha akarudi kwa mama yenu.

"Shemeji, twende juu."

"Nikalale wapi?"

"Nyumbani kwako."

"Nyumba haijalala mwenyewe, Charo. Wataka watoto wangu wafe?"

"Basi kaa nje, penye mbuzi, mimi nitawasha moto."

Akacheka mama yenu, mwamjua alivyokuwa akicheka na mkono mdomoni. "Wewe mjane, mimi mume wangu yuko mjini, tulale porini na mbuzi? Na kaka yako wamjua alivyo. Wacha nilale hapa, kukicha nitapanda. Maji yakija nitayasikia."

Charo akashuka mara ya pili. Akashuka mara ya tatu, akapiga magoti, mtu mzima, akamwomba. Ndipo Nyevu akamwambia neno hili, nalo, Samuel, nishike mkono wangu kabla sijalisema. Nishike. Alimwambia, "Samuel ana mtihani wa mwisho wiki hii. Nikivunja mwiko leo, utamwangukia nani?"

Hapana, usiutoe mkono. Usiutoe. Si wewe. Mtihani haukumwua, wala mwiko haukumwua. Mwiko ni kamba tu, na ncha ya kamba ile nilikuwa nimeishika mimi. Neno langu moja kutoka Mombasa lingemfungua. Kama ningesema, Nyevu, panda, lala, mimi mumeo nimeruhusu, na laana yoyote inifuate mimi, angepanda akiimba. Badala yake nilimtumia neno la kibuyu.

Jogoo wa kwanza alikuwa amewika. Charo asema hayakuja kama maji, yalikuja kama lori la mawe likishuka gizani. Na alipofika mteremkoni, pale palipokuwa na nyumba pakawa na mto, na mto ukiwa umebeba miti mizima imesimama wima. Alijitosa. Lile kovu la mguuni mnalomcheka nalo, mkasema aliumia akikimbiza mbuzi, alilipata humo. Siku ya tatu wakampata mama yenu kwenye panda ya mkwaju, mbali sana, na kanga imekazwa kiunoni kama mtu aliyekuwa akijiandaa kwa kazi.

Na tukamzika kilimani, hatua ishirini kutoka mlango ambao hakuwahi kuuingia. Mnakumbuka mazishi. Samuel, ulimpiga baba yako mdogo kofi kaburini, ukasema, "Umeokoa mbuzi ukamwacha mama yangu!" Charo hakukujibu wewe. Alinitazama mimi. Alikuwa keshanieleza yote, usiku wa kuamkia siku ile, tukiwa wawili. Alinitazama akingoja niseme neno, neno moja tu la kweli, nami nikainamisha uso nikatazama viatu vyangu. Basi akafuta uso, akachukua sepetu akaendelea kufukia. Miaka miwili ameitwa mwoga na kila mdomo, hata watoto humwimbia njiani, naye hajafungua kinywa. Ameibeba dhambi yangu kama nilivyokuwa nikiyabeba magunia ya watu, ila yeye hakuwa na ujira.

Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nimeuimba msemo huo harusini na matangani, na nilikuwa sijaujua.

Tazameni sasa maji yalivyotuacha. Udongo mweusi umekwenda baharini, shamba limelala chini ya mchanga unaofika magotini. Mahindi ya uchagani yaliondoka na uchaga wenyewe. Mikorosho ya babu yenu iling'olewa na mizizi. Mbuzi waliookoka wakaanza kuoza kwato kwa unyevu, wakafa mmoja mmoja, na njia ilikuwa imekatika, hata wa kuuza hakuuza. Mheshimiwa mmoja akaja na helikopta, kwa kuwa kura ilikuwa mwezi uliofuata, akatuachia unga wenye wadudu na fulana zenye sura yake. Fulana zilidumu kuliko unga. Tokeni hapa Majengo mtembee hadi Tononoka, mhesabu vijana wa Mikuyuni wanaosukuma mikokoteni. Hawakuja kutafuta maisha. Maisha waliyokuwa nayo yalisombwa, wakayafuata kuelekea baharini.

Sasa neno la shamba, Samuel. Najua kuna mtu mwenye lori. Najua mmekubaliana, akachote mchanga wetu aje kujengea majumba huku mjini. Uliniambia, "Baba, let's be realistic, that land is dead," yaani ardhi ile imekufa. Sikukujibu siku ile, nakujibu leo. Hasira yako naijua. Umesoma kuliko ukoo mzima, na nchi hii imekuweka kibarazani ukifukuza nzi. Lakini mchanga ule ndio kitanda cha mto, na ukingo uliobaki umeshikwa nao. Mkiuchota, mvua ijayo mto utapanda kumfuata mama yenu kaburini. Hujaenda kule tangu mazishi, ungekwenda ungeona. Charo amepanda makonge na matete ukingo mzima, peke yake, na kwenye mchanga huo uliokufa amechimbua matuta ya viazi vitamu. Kila Idi na kila Krismasi hutuma kikapu hapa. Viazi ulivyokuwa ukila ukavisifu, Samuel, ukidhani vimetoka sokoni.

Basi nausia hivi, na Sidi uwe shahidi. Shamba la mtoni silitoi kwa mwanangu. Nalitoa mkononi mwa Charo alilime mpaka mwisho wa pumzi yake, na wanangu mtakula humo kwa ruhusa yake. Mwenye lori arudishwe, kama amekwisha kutoa kitu apewe kitu chake. Nikifa mtanipeleka kwetu, lakini msinilaze karibu na Nyevu. Nizikeni chini, mteremkoni, upande wa mto. Nikae mimi kati yake na maji. Nimechelewa, najua. Ni heri kuliko kukosa kabisa.

Na nyumba ya kilimani... ngojeni... kohozi hili... nyumba imefungwa miaka miwili, popo wamehamia. Msimtafute mzee wa kuizindua. Sidi, mwanangu wa kike, utaifungua wewe. Utaingia peke yako, utawasha moto peke yako, utalala. Mumeo akitaka atafuata, asipotaka abaki. Na usiogope. Mbele ya Mulungu nasema, mimi Dzoro, mwenye mji, mwiko ule nimeufuta kwa mlango wangu na kwa vizazi vyangu. Mwanamke yeyote wa ukoo huu akiona maji, asingoje mume. Asingoje neno kutoka Mombasa wala kutoka mbinguni. Achukue watoto apande. Mkiambiwa laana itawapata, semeni laana imekwisha kuchukuliwa, iko kaburini mteremkoni, haina pa kwenda.

Samuel... Nililie ukitaka, sasa waweza. Wala sikuamrishi umpende baba yako mdogo, pendo haliamrishwi. Nakuamrisha uinuke. Uende barazani, umshike kwa mkono ule ule uliompiga, umwingize ndani. Umpishe akae hapo ulipokaa wewe. Haya, nenda... nenda, baba, nisije nikakosa...

Sidi, niinue kidogo. Hivyo. Mungu akupe nyumba isiyovuja na mto usiokujua jina. Akujalie uzae wanaocheka na mkono mdomoni. Samuel naye... Mungu amfungulie mlango, ule wa kazi, na huu... huu mwingine. Amani iwe baina yenu. Msigawanyike. Msi...

Nani huyo? Giza... Sogea. Wewe ndiye? Vua kofia nikuone... usiniamkie, Charo, usiniamkie, mimi ndiye wa kukuamkia leo. Kaa. Nimeshawaambia. Yote. Hata la viatu.

Charo... ile nyumba... niliiona. Siku ya mazishi niliizunguka nyuma, peke yangu, nikashika nguzo... nikasukuma, haikutikisika.

Uliijenga vizuri, ndugu yangu. Uliijenga vizuri.